Gasketi ya manifoldi ya ekzosi: kuichagua na kuifunga isivuje

Gasketi ya manifoldi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na manifoldi (chuma kinachokusanya gesi ya silinda zote kuipeleka kwenye bomba la ekzosi), haiungui bure. Ikitobolewa na moto, ujue kuna kilichoiachia nafasi: manifoldi imepinda, stadi (bolti isiyo na kichwa iliyofungwa kwenye hedi) imekatika, nati imelegea, au bomba la ekzosi linaning'inia na kuivuta chini. Ukibadilisha gasketi peke yake na kumwacha mhalifu pale pale, utaibadilisha tena kabla masika hayajaisha. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi kwenye chuma kuliko kwenye gasketi yenyewe.

Magari ya Tanga yana mitihani miwili ya ziada. Wa kwanza ni chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare, au linalokwenda Pangani kila siku, hula hewa ya bahari usiku na mchana, na nati za manifoldi ndizo za kwanza kuoza kwa sababu joto limeshazichoma rangi na mipako yote. Wa pili ni mlima. Kupanda Lushoto kutoka Mombo na mzigo kunaifanya manifoldi iwe nyekundu, halafu kwenye kushuka na gia ndogo inapoa haraka. Chuma kinachotanuka na kusinyaa hivyo kila siku hutafuta pa kukatikia.

Kwanza hakikisha inavuja

Dalili inayojulikana ni mlio wa tik-tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, unaopungua au kupotea injini ikishapata moto. Chuma kimetanuka na kuziba mwanya kwa muda. Wengi hudhani ni tapeti, vile vinavyosukuma vali. Tapeti zinazokaa kwa kurekebishwa zikilegea huendelea kugonga hata injini ikiwa ya moto. Zile zinazojaa mafuta hunyamaza ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha. Mvujo wa ekzosi huchukua dakika kadhaa kunyamaza, na unaongezeka sana ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo.

Tafuta masizi. Pale gesi inapotokea huacha alama nyeusi kwenye silinda hedi au kwenye ukingo wa manifoldi, kama ulimi. Kama huoni kitu kwa sababu ya ile kava ya bati, chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja, upande mmoja sikioni, mwingine upitishe polepole kando ya manifoldi injini ikiwa imewashwa. Ukifika penye tundu mlio unaruka. Angalia feni na mkanda usikule mkono.

Kuna njia ya uhakika zaidi ambayo haihitaji injini kuwaka. Injini ikiwa baridi, ingiza hewa kwenye bomba la nyuma kwa blowa, ukiziba pembeni kwa kitambaa, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu litakuonyesha. Kagua pia mwili wa manifoldi, si maungio tu, kwa sababu manifoldi ya chuma cha kalibu iliyopasuka hulia vilevile na hakuna gasketi itakayoiponya.

Usiupuuze mvujo kwa kuwa gari bado linakwenda. Kati ya msukumo mmoja wa gesi na mwingine, mwanya huo huvuta hewa ya nje. Sensa ya oksijeni inaiona hewa hiyo, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli. Mwenye gari anaona taa ya injini na matumizi ya mafuta yamepanda, anabadilisha sensa, hakuna kinachobadilika. Kwenye injini yenye tabo (feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kuipa injini hewa zaidi), gesi iliyopaswa kuizungusha inatokea njiani na gari linakosa nguvu. La hatari kuliko yote ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia ndani ya gari kupitia njia za hewa za kwenye dashibodi. Gari linalovuja lisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa mlango.

Kuchagua gasketi

Usiende dukani Ngamiani ukasema "nipe gasketi ya Noah". Noah zimekuja na injini za 3S-FE, 1AZ-FSE na 3ZR, na za dizeli pia zipo. Hiace ni vilevile: 3L, 5L, 1RZ, 2RZ, 1KZ. Soma namba ya injini kwenye bloku au kwenye kibati, iandike, na uende na gasketi ya zamani mkononi hata kama ni vipande. Injini nyingi za mtumba zimeshahamishwa kutoka gari moja kwenda jingine, kwa hiyo kadi ya gari si ushahidi wa kutosha.

Aina zinazopatikana ni hizi, na kila moja ina mahali pake.

Gasketi ya chuma tupu, bati moja au matabaka ya chuma kisichoshika kutu yenye matuta yaliyobonyezwa kuzunguka matundu. Hii ndiyo ya viwandani kwenye injini nyingi za petroli za sasa. Inadumu sana lakini haina huruma: inataka nyuso mbili zilizonyooka na laini. Ukiiweka kwenye uso wenye mashimo ya kutu itavuja siku hiyo hiyo.

Gasketi ya grafaiti yenye bati katikati. Ni laini, inajaza vidonda vidogo na mikwaruzo. Kwa injini ya zamani ambayo uso wake umeshaliwa kidogo, hii ndiyo chaguo letu, mradi kila tundu limezungushiwa ukingo wa chuma. Isiyo na ukingo huliwa na gesi kuanzia ndani kwenda nje.

Shaba nyekundu. Utaikuta kwenye pikipiki na injini chache za zamani. Ikishatumika inakuwa ngumu. Hulainishwa kwa kuipasha moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha kuiacha ipoe au kuitumbukiza kwenye maji. Kwa shaba, vyote viwili ni sawa.

Asbestosi haitakiwi tena, lakini bado imo ndani ya matrekta ya zamani ya mashamba ya mkonge na Land Rover za kale. Ukifungua injini ya namna hiyo na kukuta gasketi ya kijivu yenye nyuzinyuzi, iloweshe maji kabla ya kuikwangua. Usiipige msasa, usiipulize kwa kompresa. Weka mabaki yakiwa mabichi kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki.

Kuna desturi ya kukata gasketi kutoka kwenye karatasi nene, au kupaka silikoni nyekundu na kufunga. Hesabu yake haikubali. Silikoni iliyoandikwa kwamba inastahimili joto huishia nyuzi 300 na ushei, wakati gesi inayotoka kwenye injini ya petroli yenye mzigo hufika kati ya nyuzi 700 na 900. Itashika siku mbili tatu, halafu itachomoka vipande vipande. Tena mvuke wa silikoni huharibu sensa ya oksijeni, na bei ya sensa si ya gasketi.

Kabla ya kulipa, lalisha gasketi mpya juu ya ya zamani. Matundu ya stadi yalingane bila kulazimisha. Matundu ya gesi yawe sawa na mlango wa silinda hedi au makubwa kidogo, milimita 1 hivi kila upande. Kamwe yasiwe madogo: ukingo unaochungulia ndani ya njia ya gesi huungua kwanza, na kutoka hapo tundu husambaa. Chukua pia gasketi ya chini, ile pete inayokaa kati ya manifoldi na bomba la mbele, pamoja na nati mpya. Kufungua kazi yote hiyo ukarudisha pete ya zamani ni kujitafutia mvujo mwingine sentimita 30 chini yake.

Ukifunga heda za mabomba badala ya manifoldi ya kalibu, tazama unene wa sahani inayokaa kwenye hedi. Milimita 10 ni nzuri. Chini ya 6, sahani hujipinda katikati ya bolti na bolti, na hakuna gasketi inayoweza kuifuata.

Kufungua bila kukata stadi

Kazi inaanza jioni ya siku iliyotangulia. Piga nyuzi za stadi brashi ya waya, nyunyizia WD-40 au mafuta mengine ya kulegeza kutu, rudia usiku na asubuhi. Mchanganyiko wa ATF (mafuta ya gia za otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, hufanya kazi vizuri, ila unashika moto upesi, kwa hiyo usiutumie siku utakayotumia tochi ya gesi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, toa waya hasi wa betri, toa kava ya bati, chomoa plagi ya sensa. Kwa gari kubwa au lililo chini, pandisha kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Jeki peke yake si stendi. Fungua bomba la mbele kwanza na ulitegemeze kwa waya au kigogo lisining'inie.

Toyota nyingi zina nati za spana 12 kwenye stadi za milimita 8 na spana 14 kwenye za milimita 10. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, kwa sababu nati iliyoliwa na kutu hujizungusha ndani ya ile ya kumi na mbili na kuwa duara. Anza na nati za mwisho kulia na kushoto, uelekee katikati. Usivute kwa hasira upande mmoja. Kaza kidogo sana mpaka isogee, kisha legeza, rudisha, ongeza mafuta, legeza tena. Nati inayotoka ikipiga kelele inakusihi uirudishe nusu mzunguko.

Isiyotoka ipashwe moto, nati yenyewe na si stadi, mpaka ianze kuwa nyekundu. Hapa kuwa na akili: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na hedi nyingi ni za alumini. Moto mkali, mfupi, uelekee nje. Mabomba ya mafuta yafunikwe kwa kitambaa kilicholowa, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Stadi ikikatika na kubaki imechomoza milimita 5 au zaidi, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuilegeza, na ukiizungusha ingali na moto mara nyingi inatoka. Ikikatika usawa wa uso, weka alama katikati kabisa kwa senta panchi na uitoboe hatua kwa hatua, ukianza na biti ya milimita 3. Kifaa cha kung'olea chenye umbo la skrubu ya kinyume ni kigumu na chepesi kukatika. Kikikatikia ndani umejiongezea kazi ambayo biti ya kawaida haiiwezi. Kama mkono wako hauna uhakika, hapa ndipo pa kumwita fundi wa karakana ya kukereza. Nyuzi zikiharibika kwenye hedi, hurudishwa kwa kuweka nyuzi za chuma za ndani, na hizo hushika vizuri kuliko alumini yenyewe.

Uso wa chuma

Ziba milango ya gesi kwa vitambaa safi. Kwenye hedi ya alumini tumia skrepa ya plastiki ngumu au ya shaba ya njano; kwenye manifoldi ya kalibu unaweza kutumia ya chuma na msasa namba 120 ulioviringishwa kwenye kibao kilichonyooka. Grainda isikaribie alumini. Diski ya msasa huchimba bonde usiloliona kwa macho, na mchanga wake ukiingia ndani ya silinda utakula ringi.

Sasa pima. Weka rula nzito ya chuma iliyonyooka juu ya uso, kwa urefu na kwa kukingama, ujaribu kupitisha fila geji (vipande vya bati vyembamba vya kupimia mwanya, kwa milimita) chini yake. Kwenye hedi, fila ya 0.10 isipite. Kwenye manifoldi, fuata kipimo cha kitabu cha injini yako. Kama huna, chukua 0.30 kuwa mwisho. Ikizidi hapo, ipeleke ikaskimiwe, yaani uso usagwe unyooke. Waambie waondoe kidogo iwezekanavyo na wasage milango yote kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Kwa nini inapinda? Manifoldi ya kalibu yenye urefu wa sentimita 60 ikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka kwa milimita 3 na zaidi. Hedi haitanuki hivyo, kwa kuwa maji ya rejeta yanaishikilia karibu na nyuzi 90 hadi 100. Basi manifoldi inatakiwa iteleze kidogo juu ya gasketi kila inapopata moto, na ndiyo sababu matundu yake ya pembeni huwa makubwa kuliko stadi. Fundi anayeweka bushi kwenye matundu hayo ili "ikae vizuri", au anayekaza kupita kiasi, anaifunga isisogee. Haitasogea, itakata stadi za mwisho au itapasuka yenyewe. Kuosha injini ya moto kwa mashine ya maji ni njia nyingine ya haraka ya kuipasua, na dimbwi la mvua hufanya vivyo hivyo.

Nyufa zitafute kwa mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa, yaache dakika 15, futa pakauke, kisha pakaa chaki. Ufa utajichora wenyewe.

Kufunga

Stadi mpya zinalipa kuliko za zamani zilizochongwa kwa tupa. Ziingize kwa mkono mpaka zifike, kisha zikaze kidogo kwa nati mbili zilizofungana. Nati ziwe za shaba ya njano au za chuma zilizopakwa shaba. Nati yenye pete ya nailoni haifai hapa, nailoni inayeyuka. Washa za springi nazo hupoteza nguvu kwa joto. Chuma kisichoshika kutu juu ya chuma kisichoshika kutu huumana na kukwama, kwa hiyo ukikitumia kwa sababu ya chumvi, usikifunge bila grisi ya shaba kwenye nyuzi.

Grisi hiyo ni lazima kwa magari ya pwani hata kwenye stadi za kawaida. Ila kumbuka: nyuzi zenye grisi huteleza, na nguvu ile ile ya mkono inakaza zaidi. Kama kipimo cha kitabu ni cha nyuzi kavu, punguza kama moja ya tano.

Gasketi huwekwa kavu, bila silikoni, bila grisi. Ile ya bati yenye matuta ina upande wake. Tazama alama au kiulimi na ulinganishe na ulivyoikuta ya zamani. Ivalishe kwenye stadi, chungulia kila tundu, kisha pandisha manifoldi na ufunge nati zote kwa vidole mpaka ziguse. Ikigoma kufika, usiivute kwa nati. Tafuta kinachozuia.

Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, ukipishanisha juu na chini, kwa awamu tatu. Stadi za milimita 8 kwa kawaida huishia kati ya 20 na 30 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), za milimita 10 kati ya 35 na 50. Kitabu cha injini kikisema vingine, fuata kitabu.

Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Mizani ya ndoano, ile wanayopimia samaki kwenye soko la Deep Sea, inatosha. Pima sentimita 20 kutoka katikati ya nati hadi unapotundika ndoano kwenye mpini, vuta kwa pembe mraba: kilo 13 ni takriban 25 Nm. Kwa awamu, vuta kilo 5 nati zote, kisha kilo 9, kisha 13. Kwa stadi za milimita 10, tumia sentimita 30 na kilo 15, utapata kama 45 Nm. Kipimo hiki si cha maabara, lakini ni bora mara nyingi kuliko kukisia, kwa sababu kinachoua gasketi ni nati moja kukazwa kuliko jirani yake.

Rudisha bomba la mbele na pete mpya. Kama bolti zake zina springi, zikaze sawa pande zote mbili. Kisha kagua mipira inayoning'iniza ekzosi na mauntini ya injini. Mauntini iliyokatika inaifanya injini itikisike na kulivuta bomba kila unapokanyaga mafuta, na hapo ndipo gasketi nyingi mpya zinapouawa.

Kuwasha na kukaza tena

Rudisha betri, washa, sikiliza. Moshi kidogo kwa dakika kumi za mwanzo ni mafuta na grisi yanayoungua juu ya chuma. Ukiendelea nusu saa, kuna kitu kinavuja juu yake. Iache injini ifikie joto lake, izime, ipoe kabisa. Kama gasketi ni ya grafaiti, pitia nati zote tena kwa kipimo kile kile, na urudie baada ya kilomita 100 au 200. Gasketi ya chuma tupu huwa haihitaji marudio, isipokuwa kiwanda kimeagiza. Kukaza tena hufanywa injini ikiwa baridi. Nati ya moto inadanganya, na stadi ya moto hukatika.

Kwa wenye bodaboda

Hapa kuna pete moja tu, ya shaba au ya grafaiti yenye bati, ndani ya mlango wa hedi. Kosa la kila siku ni kuweka mpya juu ya ya zamani iliyobanwa ndani ikawa kama sehemu ya chuma. Ichokonoe kwa bisibisi ndogo mpaka uone uso wa alumini. Legeza bolti ya kushikilia salensa nyuma kabla ya kufunga mbele. Nati mbili za mbele zikazwe kwa kupishana, robo mzunguko kwa robo, hadi sahani ikae sambamba; stadi za milimita 6 zinatosheka na 10 Nm, yaani kilo 7 kwenye spana ya sentimita 15. Bolti ya nyuma hukazwa mwisho. Ukianza na ya nyuma, bomba linakaa mshazari, pete inabanwa upande mmoja, na pikipiki itakuwa inapiga risasi kila ukiachia mafuta.